Tipa Kuukuu: Anza Chini, Sakafu Itangoja

Mtu akinunua tipa kuukuu, au akiamua kufufua ile iliyolala mwaka mzima bila kazi, jicho lake hukimbilia matundu. Anaona sakafu iliyotoboka, mlango wa nyuma uliopinda na kuta zilizobonyea, na kabla jua halijatua ameshamwita fundi wa kuchomelea aje na mabamba. Nakuomba usianze hivyo. Uharibifu unaoua bodi ya tipa, na wakati mwingine unaoua watu, hauonekani ukisimama kando ya lori. Uko chini: kwenye pini mbili za nyuma ambazo bodi huzungukia ikiinuka, kwenye boriti ndefu zinazoibeba, na kwenye maungio ambako chuma kimepindwa na kunyooshwa mara maelfu. Kwa hiyo bodi husomwa kutoka chini kwenda juu, na hutengenezwa kwa mpangilio huohuo. Ukitanguliza sakafu utakuwa umelaza bamba jipya juu ya fremu iliyochoka, na fremu hiyo itakupasulia kazi yako kabla hujarudisha gharama.

Nalisema hili nikiwafikiria wenye tipa ndogo za Majengo na mitaa jirani. Majengo, ndani ya Pumwani jijini Nairobi, ni mtaa ambao serikali ya kikoloni iliupima mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makazi ya Waafrika, na vichochoro vyake havikupangwa kwa lori la magurudumu kumi. Leo ghorofa zinapanda pale na upande wa Eastleigh, na mchanga, kokoto na maramu lazima vifike hadi mlangoni pa mjenzi. Inayopita ni tipa ya ekseli mbili, mara nyingi yenye umri wa miaka ishirini au zaidi. Haina mbadala wa bei rahisi, ndiyo maana inafufuliwa tena na tena, na kila ikifufuliwa inaongezewa kiraka juu ya kiraka. Heri ni kwamba mtaa huu umezungukwa na ujuzi na vifaa: mafundi wa chuma wa Kamukunji na Shauri Moyo, mbao za Gikomba, vipuri vya barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni mpangilio wa kazi.

Kabla ya kugusa chochote, itambue bodi yenyewe. Usidhani kwamba kwa kuwa lori ni Isuzu basi bodi nayo imetoka kwa Isuzu. Lori la kuunganishwa hapa nchini, liwe Leyland ya Thika ya miaka ya 1970 au Bedford na Isuzu za General Motors Kenya, kwa kawaida lilitoka likiwa chasisi na kabini tu. Bodi iliundwa na karakana nyingine. Tena bodi nzuri huwa haifi na lori lake. Lori likizimika kabisa, bodi inang'olewa na kupandishwa jingine, kwa hiyo si ajabu kukuta bodi ya enzi za Bedford imekalia chasisi ya Kijapani. Jambo hili lina maana kubwa kwako, kwa sababu bodi iliyohamishwa hukaa juu ya chasisi isiyolingana nayo kwa upana wala kwa urefu wa mkia, na yule aliyeihamisha huenda alijaza pengo kwa vipande vya chuma alivyovichomelea haraka. Vipande hivyo ndivyo vinavyopasuka kwanza.

Anza kwa kutafuta kibao cha mtengenezaji kwenye ukuta wa mbele au kwenye jeki inayoinua bodi. Edbro na Telehoist ni za Uingereza, Hyva ni ya Uholanzi, ShinMaywa na Kyokuto ni za Japani. Kibao kikiwa kimeng'oka, chukua spana. Vichwa vya boliti vikikubali spana ya 12 na ya 14, hapo pana mkono wa Kijapani. Vikikubali 13 na 17, ni Ulaya au ni boliti za kununuliwa hapa. Spana zote za milimita zikicheza, mwenye kuiunda alitumia inchi. Kisha pima unene wa bamba kwa kalipa pahali ambapo mzigo haufiki, kwa mfano kwenye kunjo la chini ya ukingo wa juu. Milimita 3.2 au 4.5 ni vipimo vya Japani. Milimita 4.8 hivi au 6.4 hivi ni bamba la inchi, yaani tatu ya kumi na sita na robo. Ukipata 3, 4 au 6 kamili, huenda bodi iliundwa au ilishabadilishwa ngozi kwa bamba la kawaida la madukani. Mwishowe pitisha tupa. Tupa ikiuma chuma kwa urahisi, hicho ni chuma laini ambacho fundi yeyote anakijua. Ikiuma kwa shida, umekutana na bamba gumu la aina ya Hardox ya Wasweden wa SSAB, ambalo halichomelewi kwa rodi za kawaida bila kulidhuru. Unene huu wa asili uandike. Ndio utakaokuambia baadaye sakafu imepoteza kiasi gani.

Angalia pia jeki imekaa wapi. Ikiwa imesimama mbele, nyuma ya kabini, nguvu yote ya kuinua huingilia ukuta wa mbele na ncha za mbele za boriti, kwa hiyo nyufa zitafute huko. Ikiwa imelala chini ya bodi na mikono yake, nguvu huingilia katikati, na krosmemba, yaani vyuma vinavyokatiza boriti kwa upana, zinazoipokea ndizo zinazochoka. Pini za nyuma hazikosi mzigo kwa namna zote mbili.

Baada ya kujua bodi imetoka wapi, jiulize imekula nini. Mzigo huacha alama zake na mwenye jicho anazisoma. Mchanga wa Machakos hulainisha. Ukimwagwa huteleza kuelekea nyuma, kwa hiyo theluthi ya nyuma ya sakafu inakuwa nyembamba na yenye kung'aa huku ile ya mbele ikiwa bado na unene wake. Kokoto na mawe ya Ndarugo hupiga: sakafu inashuka kati ya krosmemba moja na nyingine, na ukiitazama kwa pembeni unaona mawimbi. Taka ndizo mbaya kuliko vyote. Lori lililokuwa likizoa taka Eastlands kupeleka Dandora, dampo linalotumika tangu 1975, huliwa na maji meusi yanayotoka kwenye uozo, na maji hayo hukaa kwenye pembe na kwenye mikunjo ambako ufagio haufiki. Bodi ya namna hiyo inaweza kuwa na sakafu ngumu katikati na pembe ambazo bisibisi inapenya. Muuzaji akikuambia ilibeba mchanga tu, nenda kwenye pembe za mbele ukachokonoe; pembe hazisemi uongo.

Sasa shuka chini, lakini si kabla ya kuweka egemeo. Bodi iliyoinuliwa isizuiliwe na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Mpira wa mafuta ukipasuka, au mtu kabinini akigusa kishikio cha pampu, bodi tupu yenye zaidi ya tani moja inashuka haraka kuliko mtu anavyoweza kutoka. Weka egemeo la chuma lililokatwa kimo sawa pande zote mbili, limekaa chini ya boriti na si chini ya bamba, kisha ishushe bodi mpaka iketi juu yake. Gogo la mti lililookotwa si egemeo. Kama karakana unayokwenda haina egemeo la maana, hilo peke yake linatosha kukufanya uende kwingine.

Anza na pini za nyuma. Bodi ikiwa imeshuka na imetulia, ingiza mtaimbo kati ya fremu ya bodi na mkono wa pini, uinue kidogo upande mmoja huku mwenzako ameweka kidole kwenye maungio. Ataisikia nafasi kabla ya jicho kuiona. Fanya hivyo upande wa pili, na usiridhike kwa kusema zote zinacheza. Pima kila moja. Hatari zaidi ni tofauti kati ya pande mbili. Chukua pini zilizoachana sentimita 80, moja imelika milimita 5 zaidi ya mwenzake. Bodi ya urefu wa mita nne na nusu ikiinuka nyuzi hamsini, ncha yake ya mbele inakaribia mita tatu na nusu hewani, na zile milimita 5 zimekuwa zaidi ya sentimita 2 za kuinamia upande mmoja. Ongeza gurudumu moja lililozama kwenye udongo laini wa kiwanja cha ujenzi, ongeza mchanga wenye maji uliogoma kutoka upande mmoja, na hapo ndipo tipa zinapoanguka ubavu. Kwa sababu hiyo pini na bushi hubadilishwa kwa jozi, hata kama ya upande mmoja inaonekana nzuri, na tundu la bushi likiwa limekuwa yai lisijazwe kwa kuchomelea tu na kutobolewa kwa macho. Lipelekwe kwa mwenye mashine ya lathe alinyooshe.

Kutoka hapo fuata fremu. Tipa nyingi zina tabaka mbili: fremu ya chini iliyofungwa kwenye chasisi kwa yuboliti na haiinuki, na boriti za bodi zinazoinuka. Kati ya fremu ya chini na chasisi mara nyingi hulazwa ubao mrefu ili chuma kisisagane na chuma. Ubao huo ukioza, bodi haikai tena kwa urefu wake wote bali kwa nundu chache, na kila shimo la barabara linapiga pale pale. Kuna wenye lori waliochomelea ufa uleule mara nyingi bila kujua kwamba chanzo chake ni ubao uliooza hatua mbili mbele ya ufa. Gikomba utapata mbao. Chagua mti mgumu, si saiprasi. Tafuta pia vumbi jekundu jembamba kuzunguka yuboliti na maungio. Kutu ya kawaida hushika mahali pake. Vumbi jekundu linaloanguka ukilifuta kwa kidole lina maana kwamba vyuma viwili vinasugana, yaani kitu kimelegea.

Nyufa zenyewe huanza mwishoni mwa mshono wa kuchomelea, hasa ule uliokata boriti kwa upana. Usizitafute kwa macho tu. Futa rangi na uchafu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pakaa mafuta ya taa, ngoja robo saa, kisha futa kabisa mpaka pakauke. Saga chaki ya shule, nyunyiza unga wake juu. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe wa chaki, mwembamba kama unywele, na mara nyingi unaenda mbali kuliko ulivyofikiri. Mwisho halisi wa mstari huo uweke alama kwa patasi, maana chaki itafutika. Na usiwashe moto hapo mpaka mafuta yaondoke yote.

Pima na unyofu. Vuta uzi kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha pembe nyingine mbili, na linganisha urefu. Tofauti ya milimita chache ni kawaida kwa bodi iliyofanya kazi. Ikipita sentimita moja na nusu, mimi ningesimamisha kila kitu mpaka nijue kwa nini. Nyuzi hizohizo mbili zikivutwa kwa pamoja kwenye kingo za juu zinapaswa kugusana katikati. Zikiachana, bodi imejipinda kama kamba. Sakafu ijaribu kwa nyundo ndogo, ukigonga kutoka chini karibu na kila krosmemba. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti butu. Pale penye shaka toboa tundu la milimita 5, ingiza waya uliokunjwa ncha, upime unene, uulinganishe na ule wa asili ulioandika. Tundu hilo litazibwa kwa sekunde chache, na limekuokoa kukisia.

Matengenezo sasa yana mahali pa kuanzia. Kabla ya kuchomelea ondoa nyaya za betri, na kibanio cha athi kiwekwe karibu na mshono, juu ya kipande kilekile kinachochomelewa. Athi ikiwekwa kwenye chasisi huku mshono uko kwenye bodi, umeme unatafuta njia kupitia pini, bushi na fimbo ya jeki, na kuacha vidonda vidogo kwenye chuma laini kilichong'arishwa. Jeki itaanza kuvuja wiki chache baadaye na hakuna atakayejua kwa nini. Boksi la chuma lililofungwa pande zote litobolewe kwanza, kwa kuwa maji au mafuta yaliyonaswa ndani yakichemka yanaweza kulipasua usoni pa fundi. Mwisho wa kila ufa utobolewe tundu la milimita 6 hadi 8 ili usiendelee kukimbia. Kisha ufa ufunguliwe kwa grainda mpaka uwe mfereji, uchomelewe mpaka ndani, na usawazishwe. Ukitaka kuongeza bamba la nguvu juu ya boriti, lisiwe nene kuliko boriti yenyewe, ncha zake zikatwe kwa mshazari, na lichomelewe kwenye marefu yake, si kwa kuikata boriti kwa upana. Ncha ya mraba iliyochomelewa kwa upana ni ufa wa mwaka ujao. Chasisi yenyewe iache. Haitobolewi wala kuchomelewa kwenye mbawa zake za juu na za chini.

Kwa boriti na mikono ya pini omba rodi za namba 7018, na zitoke kwenye pakiti kavu. Rodi za 6013, ambazo ndizo za kila siku, zinafaa sakafu na kuta. Zile 7018 zina nguvu pale chuma kinapovutwa, lakini zikinyonya unyevu zinapandikiza nyufa ndani ya mshono. Ukizinunua moja moja kutoka pakiti iliyokaa wazi dukani msimu wote wa masika, umelipia jina tu.

Ndipo tufike sakafuni, na hapa nakutana na pingamizi ninalolisikia zaidi: chuma kinene ndiyo dawa, laza bamba la milimita 6 juu ya sakafu yote na umemaliza. Tupige hesabu. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 6 ina kilo 47. Sakafu ya mita 4.5 kwa 2.3 ina zaidi kidogo ya mita 10 za mraba. Umeongeza kilo 487, karibu nusu tani, na utazibeba kila safari, ikiwa na mzigo au tupu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari, ya mwaka 2013, inaruhusu lori la ekseli mbili uzito wa tani 18 kwa jumla. Kila kilo ya chuma inatoka kwenye mzigo wa kuuza. Na kuna lililo baya zaidi. Kati ya bamba jipya na lile la zamani maji na mchanga huingia na hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo mabamba mawili husukumana mpaka mishono inafunguka. Kiraka kizuri hukatwa na kuingizwa. Kata sehemu mbovu mpaka ufike chuma kizima, pembe za tundu zifanywe mviringo, kingo zake ziangukie juu ya krosmemba, na bamba jipya liwe na unene wa asili. Fundi achome vipande vifupi huku akirukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, asivute mstari mmoja mrefu, la sivyo joto litaikunja sakafu yote.

Unene wenyewe mara nyingi hujibu tatizo lisilo lake. Nyingi ya sakafu zinazoshuka zimeshushwa na mbao za kuongezea kimo cha kuta. Bodi ya vipimo vile vile, kuta zake zikiwa sentimita 60, hubeba mita za ujazo 6.2, ambazo ni karibu tani 10 za mchanga mkavu na zaidi ya 12 ukiwa na maji. Ongeza mbao za sentimita 30 na umeongeza tani 5 kavu juu ya pini zilezile. Hakuna bamba la sakafu linaloweza kulitibu hilo. Mbao zikibaki, usinilaumu nikikuambia nyufa zitarudi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali nusu. Lori likilala siku kumi, dereva na utingo hawana mshahara, mkopo unakua, na mteja anaenda kwa mwingine. Nani ana muda wa chaki na mafuta ya taa? Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuanza chini. Ukaguzi wa chini ni kazi ya siku moja. Pini, bushi na nyufa za boriti zikimalizwa, lori linaweza kurudi kazini na sakafu yenye vitundu, likibeba kokoto badala ya mchanga, hadi pesa ya sakafu ipatikane. Kinyume chake hakiwezekani: sakafu mpya juu ya pini mbovu hairuhusu lori kufanya kazi salama hata siku moja. Asiye na pesa za kufanya yote mara moja ndiye anayehitaji mpangilio huu kuliko tajiri.

Wengine watasema bodi ya zamani haistahili gharama, bora mpya. Wakati mwingine wana haki, na ni vizuri kujua mpaka uko wapi. Boriti ikiwa na nyufa pahali pengi kwa pamoja, au mikono ya pini imeng'oka na chuma cha boriti kikiwa kimekunjika nayo, au pembe zimekataa kulingana hata baada ya kulegeza yuboliti zote, usitupe pesa. Lakini fremu ikiwa nyoofu na nzima, hata ngozi yote ikiwa mbovu, umebakiwa na sehemu iliyo ngumu zaidi kuiunda sawasawa. Ukinunua bamba lililotumika au bodi nzima kutoka kwa muuza vyuma chakavu, dai risiti na uone leseni yake. Biashara hiyo inaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na serikali iliisimamisha kwa muda nchi nzima Januari 2022 baada ya nyaya na minara ya umeme kuharibiwa. Chuma kisicho na risiti kinaweza kukuletea matata ambayo bei yake ya chini haiyafidii.

Kuna na wanaosema fundi wa jua kali hawezi kazi ya namna hii, lazima karakana kubwa ya Industrial Area. Silikubali hilo hata kidogo. Mtafiti Kenneth King, aliyewafuatilia mafundi wa Nairobi na kuandika juu yao mwaka 1977 na tena 1996, alionyesha jinsi walivyojifunza kazini na kujiundia mashine zao wenyewe kutoka kwa chuma chakavu. Uzi, chaki, nyundo, kalipa na mafuta ya taa havihitaji karakana kubwa. Fundi analaumiwa kwa kulaza kiraka juu ya kiraka wakati mwenye lori ndiye aliyemwambia hivyo na kumlipa kwa bamba. Ukimlipa kwa idadi ya mabamba atalaza mabamba. Patana naye kwa kazi: ufa huu ufunguliwe mpaka ndani, bushi hizi zibadilishwe kwa jozi, kiraka hiki kiingizwe. Piga picha kila mshono kabla haujafunikwa kwa rangi, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kuinua bodi mbele yako. Mlipe pia kwa siku ya ukaguzi. Macho yake ni kazi, hata kama siku hiyo hajawasha moto.

Rangi ije mwisho, lakini isidharauliwe upande wa chini. Acha mitobo ya kutolea maji kwenye pembe za sakafu na kwenye krosmemba zilizojikunja. Bodi isiyo na njia ya maji itaoza chini ya rangi nzuri kuliko zote. Kama umebadilisha aina ya bodi au uzito, logibuku haisemi tena ukweli, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inapaswa kujulishwa kabla hujaenda ukaguzi wa mwaka wa Likoni Road. Kazi ikiwa imekamilika, inua bodi tupu pahali tambarare na utazame kutoka nyuma kama ukingo wa juu uko sawa na ulalo wa ardhi. Rudia ikiwa na nusu mzigo wa kokoto, huku watu wamekaa mbali. Kaza yuboliti zote baada ya wiki ya kwanza ya kazi, maana ubao mpya hukandamizika, kisha tafuta tena lile vumbi jekundu. Mafuta ya grisi kwenye pini yaingie kila wiki mpaka ya zamani yatoke pande zote mbili. Yakitoka upande mmoja tu, njia ya grisi imeziba na bushi mpya imeanza kulika.